Mawe Yaachwe Yaseme: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Ndara

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa maandalizi ya ziara ya wanafunzi)



Nimeombwa niwaeleze kuhusu ziara ya watoto wetu kwenda makumbusho ya Olorgesailie, katika Kaunti ya Kajiado. Najua kuna swali linaloulizwa chini chini: watoto wasafiri zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi, kisha karibu 70 nyingine kwa barabara ya Magadi, wakaangalie mawe? Kwani Ndara hakuna mawe? Ni swali la haki, maana mzazi ndiye anayetoa nauli.

Olorgesailie ni makumbusho madogo. Kuna chumba cha maonyesho, halafu kuna njia ya kutembea nje juani, na utamu wenyewe uko huko nje. Mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walikuta hapo mashoka ya mawe yametapakaa ardhini, kazi ya mikono ya watu wa kale. Mengi yaliachwa pale pale yalipokutwa, na mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa kwa wananchi. Mgeni hupita juu ya ubao na kuyatazama chini yake.

Watoto wataona pia mifupa ya ndovu wa aina iliyotoweka duniani. Sisi tunaokesha tukifukuza ndovu shambani tutashangaa kidogo: watu wa kale nao waliishi na ndovu, na karibu na mifupa hiyo kumepatikana zana za mawe.

Sasa sikilizeni jambo lililonileta hapa. Wataalamu wanasema mashoka ya zamani zaidi ya huko yana umri wa miaka kama milioni 1.2. Wanasema pia kwamba kufikia miaka 320,000 hivi iliyopita, watu wa pale walikuwa wakitumia mawe meusi ya kioo cha volkano yaliyotoka mbali, mengine kilomita 90 hivi. Wamejuaje? Wamejua kwa sababu mawe yalikutwa mahali pake. Tabaka za majivu ya volkano zilizo juu na chini yake hupimwa umri, na aina ya jiwe huonyesha lilikotoka. Kama mtu angetangulia akayazoa kwenye gunia, leo tungekuwa na gunia la mawe tu, na habari yote imepotea.

Ndiyo maana ziara hii inatuhusu. Hapa kwetu watu wanachimba kila siku: vito, mawe ya kujengea, visima, vyoo, mitaro. Ni kweli kwamba miamba ya milima ya Taita si ya visukuku. Ilipikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Joto hilo ndilo lililotupa vito kama tsavoraiti, kilichopewa jina la Tsavo yetu. Lakini ukishuka kuelekea Mombasa miamba inabadilika. Maji ya Chumvi kuna visukuku vya samaki, na katika mawe ya mchanga ya Mazeras kuna miti iliyogeuka jiwe. Hata kwetu, udongo ulioletwa na maji, kingo za mito na mapango vinaweza kuficha mifupa na zana za watu wa kale.

Vijana wa vito wameniuliza kuhusu kaharabu. Hiyo ni utomvu wa miti uliokaa ardhini mamilioni ya miaka, wakati mwingine na mdudu ndani. Pwani yetu ina ndugu yake mdogo, sandarusi, iliyochimbwa na kupelekwa Unguja, ikauzwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Sandarusi ni changa zaidi, na tone la spiriti huifanya inate. Ukiuziwa sandarusi kwa bei ya kaharabu, umeibiwa.

Na msidhani macho ya kuona visukuku ni ya wageni. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni, jirani zetu, alisoma miaka michache tu shuleni. Mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, Turkana, na kutokana nacho dunia ikapata mifupa ya yule tunayemwita Kijana wa Turkana, mwenye umri wa miaka kama milioni 1.5.

Kwa hiyo mkikutana na mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, simamisheni jembe. Msiendelee kuchimbua, msiuze. Pigeni picha, wekeni alama, mwambieni chifu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka taarifa ifike Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndani ya siku 7, ikieleza mahali hasa. Kama kitu kimeshatoka ardhini, kikabidhiwe. Fort Jesus, Mombasa, iko chini ya shirika hilo hilo, hivyo hamna haja ya kufika Nairobi.

Kuhusu safari: Olorgesailie ni joto kali. Kila mtoto awe na maji, kofia na viatu vya kufunika mguu. Walimu, mpangeni kufika asubuhi. Na kila mtoto aende na swali moja aliloandika mwenyewe, amuulize mwongozaji.

Wazazi, watoto wakirudi msiwaulize wameleta nini. Wasilete hata kokoto. Waulizeni wameona nini, na kimejulikanaje. Mtoto akiweza kujibu hilo, nauli yenu imelipa.