Ubao Usikutishe

Wenzetu wa darasa la kisomo la Kolandoto, leo wekeni kalamu chini kwanza. Nataka tuzungumze juu ya hofu ya hesabu.

Mtu mzima ameitwa ubaoni. Ameandikiwa kilo 48 za pamba, na bei ya kilo moja, tuseme, ni shilingi 1,200. Mara mkono unatetemeka, jasho linamtoka, na hata hesabu alizozijua jana zinamtoroka. Akirudi kukaa husema, "Kichwa changu kizito, nimezeeka." Sivyo. Wataalamu waliochunguza jambo hili wameona kwamba hofu hula nafasi ile ile ya akili inayoshika tarakimu mtu anapohesabu. Akili anayo, ila imeshughulika na wasiwasi wa kuchekwa.

Mkute huyo huyo jioni kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, naye hujua kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaanza kuzitia. Je, hiyo si hesabu? Pale haogopi, maana hakuna aliyemwambia kuwa hajui.

Basi hofu ikikushika, mwambie mwalimu waziwazi: "Nimeogopa, nipe muda." Si aibu. Vuta pumzi, kisha tafuta namba iliyo nyepesi kwako. Kilo 48 ziko karibu na 50. Kilo 50 ni shilingi 60,000. Lakini umeongeza kilo 2 zisizokuwapo, yaani shilingi 2,400. Ziondoe. Zinabaki 57,600. Mwalimu akikufundisha njia nyingine, vema, lakini hii nayo ni sahihi.

Mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya ziwa, Shinyanga ikiwamo, ulikuwa na vitabu vya kilimo cha pamba. Mkulima alifundishwa kwa kitu alichokwisha kukishika.

Nanyi mnaocheka mwenzenu akikosea, acheni. Wengine hucheka ili wasiitwe wao, twajua. Lakini anayeogopa kuchekwa darasani ataogopa pia kuuliza kwenye mizani ya pamba, na hapo hasara ni yake na watoto wake.

Haya, shikeni kalamu. Kilo 29, bei ile ile. Kaeni wawili wawili: mmoja ahesabu kwa sauti, mwenzake asikilize tu, asimsahihishe mpaka amalize. Msitazame saa.