Kalamu Chini ya Kaisari



Tumeombwa tuzungumze juu ya waandishi wa Roma na siasa za nyakati za makaisari. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: Roma na sisi wapi na wapi? Lakini ninyi mliolelewa kanisani mliwajua makaisari hao tangu shule ya Jumapili. Augustus ndiye Augusto wa habari za kuzaliwa kwa Bwana. Tiberius ndiye Tiberio anayetajwa na Luka pale Yohana anapoanza kuhubiri. Na Mtume Paulo alipokata rufani kwa Kaisari, aliyekuwa akikalia kiti cha Roma ni Nero. Hawa si wageni kwetu. Tusilolijua vema ni jinsi watu wenye elimu walivyoishi chini yao, nani alisema, nani alinyamaza, na kila mmoja alilipa nini.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hulisahau. Augustus hakuifuta jamhuri kwa tangazo. Mwaka 27 K.K. alidai kwamba anairudisha mikononi mwa Seneti na watu wa Roma. Makonsuli waliendelea kuteuliwa kila mwaka, Seneti iliendelea kukutana, na sheria zikasomwa kwa sauti ile ile ya zamani. Lakini majeshi, hazina na neno la mwisho vilikuwa kwa mtu mmoja. Mwaka 14 B.K., Tiberius alipoingia, uchaguzi wa maofisa wa dola uliondolewa katika mkutano wa raia ukapelekwa Seneti. Mwanahistoria Tacitus anatuarifu kwamba raia walinung'unika kidogo tu, basi. Uhuru haukuzikwa kwa matanga. Uliachiwa mavazi yake, mwili ukaondolewa kimya kimya.

Silaha iliyotumika dhidi ya kalamu ilikuwa sheria ya kulinda hadhi ya dola. Hapo zamani sheria hiyo iliwahusu watu waliosaliti jeshi au kuchochea fujo. Matendo ndiyo yaliyoshtakiwa, si maneno. Augustus aliipanua ikashika na maandishi. Katika utawala wake vitabu vya Titus Labienus vilichomwa moto kwa amri ya Seneti, na mwenyewe akajifungia katika kaburi la jamaa zake akafia humo. Mwenzake, Cassius Severus, ambaye wala hakuwa rafiki yake, alisema kwamba sasa itawabidi wamchome na yeye akiwa hai, kwa kuwa vitabu vile alikuwa amevihifadhi moyoni. Severus naye aliishia uhamishoni. Mshairi Ovid alipelekwa mwaka 8 B.K. hadi Tomis, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, katika nchi iitwayo leo Romania, na hakurudi nyumbani tena.

Mwaka 25 ikawa zamu ya mwanahistoria Cremutius Cordus. Kosa lake? Katika historia yake alimsifu Brutus, na Cassius akamwita Mrumi wa mwisho. Hao ndio waliomuua Julius Caesar mwaka 44 K.K. Mtu alishtakiwa, basi, kwa kuwasifu wafu waliozikwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kesi yake! Cordus alijitetea mbele ya Seneti, akaenda nyumbani, akajinyima chakula mpaka akafa. Seneti ikaamuru vitabu vyake vichomwe. Lakini nakala zilifichwa, na binti yake, Marcia, alikuwa miongoni mwa waliozihifadhi. Tiberius alipokufa, Kaisari aliyefuata aliruhusu zisomwe tena. Tacitus, akisimulia haya, anawacheka watawala wanaodhani kwamba madaraka ya leo yanaweza kuifuta kumbukumbu ya kesho. Sisi tunaongeza neno moja: kumbukumbu haijilindi yenyewe. Ilimhitaji Marcia.

Tusidhani kwamba Kaisari aliyafanya haya peke yake. Dola ya Roma haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Raia ndiye aliyemshtaki raia mwenzake, na mshtaki akishinda alipata sehemu ya mali ya aliyehukumiwa, kwa kawaida robo. Uchongezi ukawa kazi yenye mshahara. Mwaka 28 B.K. aliangamizwa Titius Sabinus, aliyeendelea kuwa mwaminifu kwa mjane na watoto wa rafiki yake marehemu, Germanicus. Maseneta wanne waliotamani ukonsuli walipanga njama. Mmoja wao alijifanya rafiki, akamlilia Sabinus juu ya mabaya ya nyakati, akamvuta nyumbani azungumze. Wengine watatu, waheshimiwa wa Seneti, walikuwa wamejibanza kati ya paa na dari, masikio yameegeshwa kwenye nyufa. Baada ya hapo, watu wa Roma walianza kuogopa hata dari za nyumba zao. Wazee wetu walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuwatazame watu wawili mbele ya tukio moja. Mwaka 59 Nero alimuua mama yake, Agrippina. Barua ya kueleza kitendo hicho ilipelekwa Seneti, na watu waliamini kwamba aliyeitunga ni Seneca, mwanafalsafa na mwalimu wa Nero, aliyekuwa ameandika juu ya huruma ya watawala. Seneca alibaki jikoni akitumaini kupunguza moto. Maseneta walipoanza kushindana kutoa pongezi, mmoja wao, Thrasea Paetus, aliinuka akatoka nje bila kusema neno. Mwaka 65 Seneca aliamriwa ajiue. Mwaka 66 Thrasea alihukumiwa, na miongoni mwa mashtaka yake ni kwamba kwa miaka mitatu hakuingia Seneti. Kutokupiga makofi kulikuwa kumegeuka jinai. Washtaki wake wawili wakuu walipewa sesta milioni 5 kila mmoja.

Hatimaye wote wawili walikufa kwa amri ya mtu yule yule. Aliyejiweka karibu hakusalimika kuliko aliyejiweka mbali. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliacha barua ambayo wapenzi wake wameona aibu kuieleza kwa karne nyingi, na mwingine aliacha mlango aliopitia.

Mlango huo ulizaa vitabu. Chini ya Domitian, mwaka 93, Arulenus Rusticus aliuawa kwa kumsifu Thrasea, na Herennius Senecio kwa kumsifu Helvidius Priscus, mkwewe Thrasea. Vitabu vyao vilichomwa hadharani mjini Roma. Na katika Seneti iliyokuwa ikitoa hukumu hizo aliketi kijana mmoja aliyekuwa akipanda vyeo: Tacitus mwenyewe.

Hapa ndipo tunapotaka mtulie kidogo. Domitian aliuawa mwaka 96, na muda mfupi baadaye Tacitus akaandika maisha ya baba mkwe wake, Agricola. Angeweza kujipaka mafuta. Angeweza kusema kwamba moyoni alikuwa mpinzani siku zote, kama walivyosema wengi. Hakufanya hivyo. Alikiri kwamba mikono iliyompeleka mtoto wa Helvidius gerezani ilikuwa mikono yao, yeye na wenzake, na kwamba damu ya Senecio iliwarukia. Alisema "sisi". Alikiri pia, mahali pengine, kwamba Domitian alimpandisha cheo. Na alionya kwamba dawa hufanya kazi polepole kuliko ugonjwa: vipaji na elimu ni rahisi kuvikandamiza kuliko kuvihuisha, na utepetevu ambao mtu aliuchukia mwanzoni, mwisho wake huupenda. Mficha maradhi, kifo humfichua. Tacitus hakuyaficha, na ndiyo maana tunamwamini anapotusimulia mengine.

Hata hivyo tusimfanye yeye na rafiki zake watakatifu. Pliny, rafiki yake mkubwa, alimshukuru Kaisari Trajan mwaka 100 kwa hotuba ndefu ya sifa, akifurahi kwamba Kaisari amewaamuru wawe huru. Fikirini juu ya maneno hayo: uhuru wa kuamriwa! Anayeutoa asubuhi anaweza kuutwaa jioni. Miaka kama kumi baadaye Pliny alikuwa gavana wa Bithinia na Ponto. Mji wa Nikomedia ulipoteketea, aliomba ruhusa ya kuunda kikosi cha mafundi 150 wa kuzima moto. Trajan, aliyesifiwa kuwa Kaisari bora, alikataa. Alihofu kwamba watu wakikusanyika kwa sababu yoyote ile, watageuka chama. Afadhali nyumba ziungue.

Gavana huyo huyo ndiye aliyewahoji Wakristo. Waliokataa kuikana imani aliwapeleka kuuawa, na wanawake wawili watumwa, waliokuwa mashemasi wa kanisa, aliwatesa ili wamweleze ibada zao zilikuwa za namna gani. Trajan alimjibu asiwatafute Wakristo, wala asipokee barua za mashtaka zisizo na jina. Lakini wakishtakiwa na wakashikilia imani yao, waadhibiwe. Pliny alijua vizuri hofu ya wachongezi ilipowalenga maseneta. Hakuiona ilipowalenga wanawake wawili watumwa ambao hata majina yao hakuyaandika.

Ndugu zetu, sisi Wakenya hatuhitaji kamusi kuyaelewa haya. Tuliona Kifungu 2A kikiingizwa katika Katiba mwaka 1982, huku Bunge likiendelea kukutana na kuapishwa kama kawaida. Tuliona uchaguzi wa mlolongo mwaka 1988, na gazeti la kanisa lililousema ukweli, *Beyond*, likipigwa marufuku mwaka huo huo. Tulijua maana ya kuomba leseni ya kukutana, hata kwa watu wachache. Kifungu 2A kilifutwa Desemba 1991. Sheria ya uchochezi na leseni za mikutano ziliondolewa mwaka 1997. Hayo hatukupewa kwa amri ya Kaisari mwema. Yalidaiwa, na waliodai walilipa.

Lakini tujiulize kwa uaminifu: wakati ule wengine wakienda kizuizini, sisi tulikuwa wapi? Wengine wetu tulisimama mimbarani tukaombea amani bila kutaja haki. Wengine tulipanga foleni, tukaona mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mrefu, tukaenda nyumbani. Mageuzi yatakuwa na mizizi siku tutakapoweza kusema "mikono yetu", kama Tacitus, bila kusukumwa na mtu.

Basi tunaporudi makwetu, kila parokia na kila kikundi kiwe Marcia: tuzihifadhi barua, picha, mahubiri na majina ya walioumia, hasa wale wasio na cheo, ambao kina Pliny wa kila zama husahau kuwaandika. Tumkatae mchongezi hata akija na mshahara. Na siku makofi yatakapopigwa kwa uovu, ambaye hana nguvu ya kusema, basi angalau ainuke atoke nje.