Nyumba Iliyofagiwa na Kuachwa Tupu



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 12, Bwana wetu anafundisha juu ya pepo mchafu aliyefukuzwa ndani ya mtu. Anaporudi, anaiona nyumba ni safi, lakini haina mwenyeji. Basi anahamia humo pamoja na wengine saba. Dominika hii tuutafakari mfano huo tukiwaangalia vijana wetu na tumbaku.

Kwa miaka mingi vijana wamefundishwa madhara ya sigara. Kila tarehe 31 Mei dunia huadhimisha Siku ya Kutotumia Tumbaku. Mabango huonyesha moshi na mapafu yaliyoharibika. Maonyo kwenye pakiti hutaja uvutaji. Mafundisho hayo ni ya kweli, nasi tunayashukuru. Lakini kijana husikia pia yale yasiyosemwa. Akiambiwa kila mara kwamba moshi unaua, ni rahisi aamini kwamba tumbaku isiyo na moshi haina neno. Nyumba imefagiwa, lakini imeachwa tupu.

Hapo ndipo ugoro na kuberi hupata mlango. Huku Goba, ambako mashamba ya jana yamekuwa viwanja vya leo, kijana aweza kuweka ugoro chini ya mdomo akiwa kibaruani au kijiweni, wala mzazi asinuse chochote. Akiulizwa, hujibu, "Mimi sivuti." Hasemi uongo, ila hajui ukweli wote.

Na ukweli ndio huu. Ugoro ni tumbaku iliyosagwa, mara nyingi ikachanganywa na magadi. Magadi hayo huifanya nikotini ipenye upesi kinywani na kuingia katika damu. Ndiyo maana aliyeanza kwa mzaha huona vigumu kuacha. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilieleza kwamba tumbaku isiyovutwa husababisha saratani ya kinywa na ya kongosho. Nayo sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia bidhaa za tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18.

Ndugu makatekista, mnapowaandaa vijana kwa Kipaimara na kuwaeleza kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, msiishie kwenye sigara. Utajeni ugoro kwa jina lake, itajeni kuberi. Waulizeni kwanza wanaamini nini, kwani wengine wamesikia kwamba ugoro ni dawa ya mafua au ya jino. Wasikilizeni bila kuwaaibisha, kisha waelezeni. Nanyi wazee wetu, kumbukeni kwamba mjukuu anayetumwa dukani kuleta ugoro wa babu amekwisha kupewa fundisho, hata kama hakuna aliyefungua kinywa. Samaki mkunje angali mbichi.

Hofu peke yake huweza kumfukuza pepo mmoja. Nyumba hujazwa kwa ukweli wote, kwa mfano mwema, na kwa upendo unaomfanya kijana aone kwamba mwili wake una thamani.

Tumwombe Mungu awalinde vijana wetu, awape nguvu wanaotaka kuacha, na atujalie sisi walezi kinywa kisichoficha ukweli. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.