Sifa za Bure Hazijengi

Mpwa wangu aliyeko Mzinga, Morogoro, alinitumia picha aliyoipiga kwa simu: nyumba ya babu yake ya tofali za kuchoma, yenye baraza la nguzo nne, na nyuma yake milima ya Uluguru. Akauliza, "Mjomba, unaionaje?" Nikamjibu, "Safi sana." Halikuwa jibu la kweli, nilikuwa namkwepa.

Jioni nikakumbushwa kwamba Jumamosi nyumba hiyo, ambayo ni ya marehemu baba yangu, inabomolewa ili ijengwe ya tofali za saruji. Nikaitazama picha tena. Kuta zimeinamiana kwa juu, kana kwamba nyumba inaanguka chali. Upande wa mbele ni kiza, na milima imepauka. Je, hii ndiyo watakayoachiwa wajukuu?

Nikampigia. Nilianza na lililo jema: baraza lote limeingia, na nguzo zinahesabika. Kisha nikamwuliza alitaka tuone nini. "Baraza, mjomba. Ndipo babu alipokuwa akikaa." Hapo nikapata pa kuanzia. Nikamwambia: ulisimama karibu mno ukaielekeza simu juu, ndiyo maana kuta zimeinama. Rudi nyuma mpaka kwenye mwembe, ushike simu wima kabisa. Uwanja ukizidi kwa mbele, utaukata baadaye. Pili, ulipiga asubuhi, jua likichomoza nyuma ya milima. Nyumba inatazama magharibi. Ngoja saa kumi alasiri, jua liipige usoni.

Sikumwambia kama ana kipaji au hana. Nilimwambia asimame wapi na arudi saa ngapi.

Wengi wetu tunadhani kusifu tu ndio upole. Lakini sifa ya bure humnyima mtu nafasi ya kurudia, na majengo hayangoji. Kule Unguja, Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Aliyekuwa akisema ataipiga picha kesho, alichelewa.

Ijumaa jioni picha ya pili ikanifikia. Kuta zimenyooka, milima imekolea rangi, na nguzo ya mwisho inaonyesha pale ilipolika, baba alipokuwa akiegemea. Kesho yake nyumba ikabomolewa.

Tukutane juma lijalo.