Pumzi Tuliyoazimwa

    

Somo letu latoka Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 25, mstari wa 1 hadi wa 8. Mkipata nafasi, lisomeni tena nyumbani. Humo twaona mfalme Daudi akiwapanga waimbaji wa nyumba ya Mungu. Hesabu yao ilikuwa 288, nao wote walikuwa wamefundishwa kumwimbia Bwana. Kisha walipiga kura za zamu zao, wadogo kwa wakubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Mambo hayo mawili tuyashike: waimbaji hao walifundishwa; na tena, hapakuwa na aliyewekwa kando kwa sababu ya umri wake.

Twayasema haya kwa aibu kidogo, kwa maana sisi wanakwaya tuliwahi kuyasahau yote mawili kwa siku moja.

Katika kwaya yetu palikuwa na mama mmoja mzee. Aliimba sauti ya kwanza tangu alipokuwa msichana, na nyimbo zote alizijua kwa moyo. Lakini miaka ilipopita, sauti yake ilianza kukwaruza. Akifika noti za juu, ilikatika kama kamba iliyochakaa. Mwaka ule tulikuwa tukijitayarisha kwenda katika kusanyiko la kwaya, na kila mmoja wetu alitaka turudi na sifa. Jioni moja baada ya mazoezi, tulimwita kando tukamwambia, "Mama, wewe simama nasi kama kawaida, uvae joho lako, lakini siku hiyo chezesha midomo tu. Usitoe sauti."

Alitutazama, akasema, "Sawa, wanangu." Jumapili iliyofuata hakuja mazoezini. Ya pili hakuja. Ya tatu, mwalimu wetu wa kwaya alichukua wawili kati yetu tukaenda kumwona. Tulimkuta uani akichambua maharagwe. Alitukaribisha, akatupa chai, akatuuliza habari za watoto wetu mmoja mmoja. Tulipoona haya kusema lililotuleta, alilisema yeye: "Wanangu, sikuwakasirikia. Lakini nilijaribu nyumbani kuimba bila sauti kama mlivyosema, nikaona ninamdanganya Mungu. Midomo yacheza, mtu amenyamaza. Nikaona heri nikae."

Ndugu wapendwa, neno hilo lilituchoma. Twakumbuka katika kitabu cha Isaya, mlango wa 29, Mungu akilalamika juu ya watu wanaomheshimu kwa midomo huku mioyo yao iko mbali. Mama huyu moyo wake ulikuwa karibu. Sisi ndio tuliomwagiza kuchezesha midomo. Tulimwomba msamaha palepale. Lakini msamaha peke yake haukuponya koo. Ilitubidi tujiulize: je, twajua kweli sauti ya mwanadamu yafanyaje kazi? Au twajua kupiga kelele tu?

Tuanze na pumzi, maana Mwanzo mlango wa 2 watuambia kwamba mtu alikuwa udongo mtupu mpaka Mungu alipompulizia pumzi ya uhai. Pumzi si yetu, tumeazimwa. Hewa itokapo mapafuni hupita kooni kwenye kikoromeo. Ndani yake mna nyuzi mbili za nyama, ndogo sana, ambazo kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 1 na nusu hadi 2. Hewa ikipita, nyuzi hizo hukutana na kuachana upesi mno. Mwanamume akisema kwa kawaida, hukutana zaidi ya mara 100 kila sekunde, na mwanamke kama mara 200. Sasa fikirini mtu anayezilazimisha nyuzi hizo kwa nguvu za shingo, saa mbili mfululizo, bila kuzitayarisha. Si ajabu Jumatatu hawezi hata kuwaita mbuzi wake.

Mtoto mchanga akilala, mtazameni. Tumbo lake hupanda na kushuka, mabega yametulia. Chini ya mapafu mna ukuta wa nyama uitwao kiwambo. Ukishuka, hewa huingia tele. Sisi watu wazima tumejizoeza kuvuta pumzi kwa kuinua mabega, kama mtu aliyeshtuka. Pumzi ya namna hiyo ni fupi, nayo hukaza koo. Basi, haya ndiyo mazoezi tuliyoanza nayo, nanyi mwaweza kuyafanya hata nyumbani.

La kwanza ni kusimama. Miguu iachane kidogo, magoti yasikazwe. Inueni mikono juu ya kichwa, kisha ishusheni polepole, lakini kifua kibaki palepale kilipokuwa. Mama aliyebeba mzigo wa kuni akipanda mlima hawezi kuinamisha shingo ovyo. Mwimbaji naye asimame vivyo hivyo, ila asijikaze.

La pili ni pumzi. Wekeni mikono pande mbili, chini ya mbavu. Vuteni hewa kimya kimya mkihesabu hadi 4, na mbavu zisukume mikono nje. Kisha itoeni kwa sauti ya "sss", kama karabai iliyojazwa upepo vizuri. Karabai njema haivumi mara kwa nguvu, mara kwa unyonge, huvuma sawasawa. Anzeni kwa kuhesabu hadi 10. Baada ya majuma kadhaa mtafika 15, hata 20. Msishindane, mtu akiona kizunguzungu, na akae chini.

La tatu ni kuvuma. Fumbeni midomo, lakini meno yasigusane. Vumeni noti ya katikati, isiyo ya juu wala ya chini, mpaka msikie mtetemo midomoni na puani. Ndipo mshuke noti tano: so, fa, mi, re, do. Kisha rudieni zoezi hilo juu kidogo, na tena juu kidogo. Vijana wetu walipenda zaidi kutetemesha midomo kama mtoto anayecheza gari. Ni zoezi jema sana, kwa maana mtu hawezi kulifanya akiwa amekaza uso.

La nne ni irabu. Kiswahili kina irabu tano, nasi twaimba ma, me, mi, mo, mu kwa noti moja bila kubadilisha umbo la sauti. Lakini Kimeru na Kiembu zina irabu saba, kwa maana kuna i na u zenye alama juu yake, ambazo hutamkwa kwa namna nyingine. Kwaya nyingi huzimeza irabu hizo mbili, na neno likapoteza maana yake. Tena lugha zetu hizi hupandisha na kushusha sauti ili kutofautisha maneno. Nyimbo nyingi za vitabu vyetu zilitafsiriwa na kuwekwa katika tuni zilizotoka Ulaya, na mara nyingine tuni hupanda pale neno linapotaka kushuka. Kwa hiyo sisi kwanza huyasema maneno ya wimbo pamoja, polepole, kama watu wanaozungumza, ndipo tunapoyaimba.

Wazee wetu walijua siri ya irabu kabla ya vitabu. Mtu wa Embu akimwita mwenzake aliye kwenye mgongo mwingine wa mlima, ng'ambo ya bonde, hakati neno fupi fupi. Hulivuta neno katika irabu yake, nalo husafiri. Wapiga ngoma wa Chuka nao, wenye kuziegemeza ngoma zile ndefu katikati ya miguu yao, hawakuupata ustadi wao kwa siku moja. Je, ya Mungu ndiyo yafanywe bila kujizoeza?

Wengine watasema kwamba mazoezi ni mambo ya dunia, na kwamba anayeimba kwa Roho hahitaji kufundishwa. Tuwajibu kwa upole. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza, mlango wa 14, anaitaka roho na anaitaka akili, zote mbili, katika kuimba. Kenania aliwekwa kuwa mkuu wa waimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Hata hizi do, re, mi tunazosomea zimekuja kwetu kwa njia ya kanisa. Mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, alibuni njia nyepesi ya kufundisha watoto kuimba. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliichukua njia hiyo, akaitengeneza ili watoto wa shule ya Jumapili, na watu maskini wasio na kinanda, waweze kusoma muziki. Wamishenari waliieneza katika Afrika. Wamethodisti walipofika Kaaga mwaka 1912, na Daktari Irvine wa Kanisa la Skotilandi alipoanza kazi Chogoria mwaka 1922, nyimbo zilifundishwa pamoja na kusoma na kuponya. Imani ililetwa na watu waliokubali kufundisha kwa saburi.

Tuseme neno juu ya kutunza koo, hasa wakati wa baridi na ukungu wa mwezi wa Julai. Wengi hunywa maji ghafla kabla ya kuimba, wakidhani wanaosha sauti. Maji hayapiti juu ya nyuzi za sauti; hupita njia nyingine. Hata hivyo mwili mzima wahitaji maji, basi yanyweni tangu asubuhi. Sauti ikikwaruza, pumzikeni. Msikohoe kwa nguvu ili kusafisha koo, wala msinong'one siku nzima, maana kunong'ona kwa nguvu nako huchosha. Wavulana wanaobaleghe msiwalazimishe noti za juu. Sauti zao zinabadilika, nazo zitatulia. Na mtu ambaye sauti yake imekwaruza zaidi ya majuma matatu, asingoje mazoezi yamponye. Aende hospitali atazamwe koo.

Sasa turudi kwa mama yetu. Alikubali kuja. Kila mazoezi tulitumia robo saa ya kwanza kwa pumzi, kuvuma na irabu, naye alisimama katikati yetu. Majuma ya kwanza hakuna kilichobadilika sana. Kisha jioni moja, tulipokuwa tukivuma kwa kushuka, mwalimu alisimama akasikiliza. Chini kule, sauti ya mama ilikuwa safi, nzito na tulivu, bila mkwaruzo. Ndipo tulipotambua kosa letu. Mwanamke akizeeka, mara nyingi sauti yake hushuka. Sisi tulikuwa tumemwacha mahali aliposimama akiwa msichana, kisha tukamlaumu kwa kutofika juu. Tulimhamisha sauti ya pili. Na wimbo wenyewe, ambao tulikuwa tumeuinua mno ili tupendeze watu, tuliushusha hatua moja.

Yeye alicheka akasema, "Nilidhani Mungu ameichukua sauti yake. Kumbe imehama chumba tu."

Katika kusanyiko lile hatukupata nafasi ya kwanza, wala ya pili. Lakini tulirudi kwa gari tukiimba, na hapakuwa na mtu mmoja kati yetu aliyechezesha midomo bure.

Ndugu wapendwa, huenda nanyi katika kanisa lenu mna mtu mliyemnyamazisha. Huenda ni mzee ambaye hushindwa na noti za juu, au kijana ambaye sauti yake inavunjika, au mtu aliyeambiwa shuleni kwamba hajui kuimba, naye akaamini. Kabla hamjamwambia akae chini, jiulizeni: je, tumewahi kumfundisha? Tumewahi kumsikiliza? Tumemsimamisha mahali pake? Na huenda wewe mwenyewe ndiye uliyenyamazishwa. Twakwambia, pumzi ile ingali ndani yako, na aliyekuazima angali anataka kuisikia. Anza kwa kuvuma, midomo ikiwa imefumbwa, ukiwa shambani au njiani. Anza na noti moja.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetupulizia pumzi ya uhai, twakushukuru kwa sauti ulizotupa, za juu na za chini, changa na zilizozeeka. Utusamehe tulipopenda sifa kuliko ndugu zetu. Utupe saburi ya kujifunza na upole wa kufundisha, ili kila mwenye pumzi katika vijiji vyetu vya Meru na Embu akusifu kwa moyo wake wote. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.