"Kawi safi" ni safi ya nini?

Wadau, leo nimesimama mbele ya darasa na swali moja, naliweka hapa pia. Mwanasiasa akisema "kawi safi", anamaanisha nini hasa?

Nilianzia Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani. Kuna mtambo wa umeme pale wa megawati 14.9, kwenye kiwanja kisichofika ekari mbili. Ulianza kazi 2013. Unatumia gesi asilia lakini hauichomi: ndani ya seli za mafuta, haidrojeni inayotolewa kwenye gesi inakutana na oksijeni, umeme unatoka pamoja na joto na maji. Hakuna moshi, kelele ni kidogo, ndiyo maana umekaa mjini kabisa.

Hadi hapo nilikuwa nausifu kama dalali. Lakini kaboni iliyo kwenye gesi haipotei! Inatoka kama hewa ya ukaa. Na bado sheria ya Connecticut inaweka seli za mafuta kwenye daraja la kwanza la kawi jadidifu, kapu moja na jua na upepo. Hilo halikuamuliwa maabara, liliamuliwa na bunge la jimbo. Umeme wenyewe uliuzwa kwa mkataba wa miaka 15, na mwisho wa siku anayelipa ni mwenye bili.

Jamaa mmoja akaniuliza, "Kwani ulitaka wachome makaa?" Hapana, bro. Nataka mgombea akitaja kawi safi jukwaani aulizwe: haina moshi, ama haina kaboni? Na tutailipia miaka mingapi?