Kapu la uwekezaji wa miaka mingi
Muda ndio huamua kinachoingia kwenye kapu la uwekezaji. Ada ya shule ya Januari haina nafasi humo. Nchini Tanzania, hatifungani ya Serikali ya miaka 20 au 25 hulipa riba kila miezi sita. Riba hiyo ikiliwa yote, mtaji hudumaa na mfumuko wa bei huutafuna polepole. Ikiwa ni asilimia 12 kwa mwaka na ikirudishwa kazini kwa kiwango hicho hicho, shilingi milioni moja hukaribia milioni mbili baada ya miaka sita. Hisa huongeza ukuaji, ingawa baadhi yake katika soko la Dar es Salaam hukawia kupata mnunuzi. Hisa zikipanda kupita uwiano uliopangwa kati yake na hatifungani, fedha mpya huelekezwa kwenye hatifungani, bila kuuza wala kumlipa dalali kamisheni ya mauzo.